Matron na Makopo Yasiyo na Jina

Jua la Mwanza likiwa utosini, saa ambayo hata mijusi wenye vichwa vyekundu wanaojianika kwenye mawe ya mtaani kwetu Mkuyuni wamekubali kushindwa na kuingia mapangoni, Matron alikuwa anakaa barazani kwake anakunywa kakao ya moto. Sisemi ya vuguvugu. Nasema ile inayofuka mvuke. Na amevaa sweta.

Siku moja nilimuuliza, kwa nia mbaya kabisa:

"Shikamoo Matron. Husikii joto?"

"Marahaba. Joto liko nje. Mimi nakunywa ndani."

Ukilitafakari jibu hilo dakika tano, unaona halina maana. Ukilitafakari dakika kumi, linaanza kuwa na maana, na hapo ujue jua limeshakuharibu kichwa.

Alikuwa matron wa bweni la wasichana miaka mingi, akastaafu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba amestaafu. Mtaa mzima ulikuwa bweni lake. Mchungaji alimwita Matron. Muuza mkaa alimwita Matron. Hata bintiye, akikasirika kwenye simu, alisahau kusema "Mama" akasema "Sasa sikiliza, Matron." Alizaliwa wapi, na nani, mwaka gani, sijui, wala sikuwahi kumuuliza. Kumuuliza Matron swali lolote kulikuwa sawa na kuomba kazi. Unauliza, "Matron, hii ngazi ilichongwa lini?" Anakujibu, "Chukua ufagio uifagie, utaona tarehe." Hakukuwa na tarehe. Nilifagia ngazi yote, kuanzia barabarani mpaka juu ya jiwe ilipokaa nyumba yake, na tarehe sikuiona.

Alikuwa na kengele. Ile ya shaba, ya kushika mkononi, naamini kabisa alitoroka nayo bwenini siku ya kuagwa. Kila saa kumi jioni aliigonga, maana yake kakao iko tayari na mtoto yeyote aliyenawa mikono apande ngazi. Neno "aliyenawa" lilikuwa na uzito. Alikagua kucha. Alikagua nyuma ya masikio, sehemu ambayo hakuna mtu anayeshikia kikombe.

Kuna siku nilipenya nikauvisha ulimi wa kengele soksi. Nikajificha nyuma ya jiwe na wenzangu tukisubiri. Saa kumi akatoka, akaipiga. Kimya. Akaipiga tena. Kimya. Akaitazama kengele kama anavyotazama msichana aliyechelewa gwaride. Halafu akavuta pumzi, akaliangalia ziwa kule chini, na akatoa sauti kwa mdomo wake mwenyewe:

"Ngang'a! Ngang'a! Ngang'a!"

Bila kutabasamu. Akaingia ndani. Tulipopanda kunywa, kikombe changu kilikuwa kimefunikwa na soksi, safi, iliyofuliwa na kukunjwa. Nilikunywa kakao yangu nikijihisi mdogo kama punje ya ulezi.

Sasa niseme kuhusu hiyo kakao, kwa sababu mtu asiyeijua atadhani nampamba.

Hakuwahi kununua ile iliyochanganywa tayari. Kule mjini, karibu na soko kuu, kuna duka la viungo la mzee mmoja wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua, na kila Matron alipokwenda kwake kuchukua unga wa kakao mtupu, mzee alimshauri jambo lile lile.

"Mama, chukua hii ya kopo. Sukari ndani, maziwa ndani, kila kitu tayari. Rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Mimi nani kakwambia natafuta rahisi?"

Wakashikana mikono, wakaulizana habari za magoti, Matron akaondoka na kakao yake. Nilishuhudia mara tatu. Maneno hayakubadilika hata moja. Nadhani walikuwa wanafurahia.

Nyumbani, sukari aliitwanga kwenye kinu mpaka ikawa unga mwepisi, unaopeperuka ukiongea karibu yake, ndiyo maana kuongea kulikuwa marufuku. Kipimo kilikuwa kikombe cha bati chenye kishikio kilichopinda. Kakao kimoja, sukari viwili, maziwa ya unga vitatu. "Moja, mbili, tatu," alisema, "hata wewe Kabula unaweza kukumbuka." Mdalasini kijiko kimoja. Chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili vya mtu mwenye aibu. Kisha vyote vinapita kwenye chekeche mara tatu: mara ya kwanza kuondoa mabonge, mara ya pili kuchanganya, mara ya tatu kwa ajili ya nidhamu. Ni yeye aliyesema hivyo. "Ya tatu ni ya nidhamu."

Na ukifika wakati wa kukoroga, ole wako umwage maji yote mara moja. Unaweka vijiko vitatu vya mchanganyiko, unadondosha maji ya moto kidogo sana, unasugua mpaka uwe uji mzito, ndipo unajaza. "Kakao inaamkiwa kwanza," alisema. "Huwezi kumvamia mtu mzima na ndoo ya maji." Kijiko chenye maji hakiingii kwenye kopo. Niliwahi kukiingiza. Nilipiga magoti barazani nikiwa nimeshika hicho kijiko juu kama mwenge, mpaka kikakauka. Ilikuwa masika. Hakuna kitu kinachokauka Mwanza wakati wa masika.

Lakini kichekesho chenyewe kilikuwa makopo.

Alikuwa na kabati la mbao lenye makopo ya maziwa ya watoto wachanga, yote ya saizi moja. Aliyaloweka, akayabandua karatasi, akayasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Yote yalifanana kama mayai, na hakuna hata moja lililoandikwa. Mtu huyuhuyu, bwenini, aliandika majina kwenye ndoo, masanduku, fagio na mashuka. Kuku wake wawili walikuwa na vitambaa miguuni vilivyoandikwa KUKU WA KWANZA na KUKU WA PILI, kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa zilizosimama kama zinasubiri kukaguliwa. Ila makopo, hapana.

"Matron, kwa nini usiandike?"

"Nikiandika, kila mtu atajua kilichomo."

"Si ndiyo faida yake?"

"Kabati langu si ubao wa matangazo."

Aliyatambua kwa sauti. Analitoa kopo, analisogeza sikioni, analitikisa mara mbili. "Kakao inanong'ona," alinifundisha. "Maziwa yanaguna. Dagaa wanakoroma." Maana kwenye kabati hilohilo kulikuwa na unga wa dagaa. Aliwakaanga dagaa wakavu wa ziwani bila mafuta, akawatoa vichwa mmoja mmoja, akawakaanga tena mpaka wakawa kahawia nzito, akawatwanga. Ule unga alimgawia kila mama mtaani mwenye mtoto anayeanza kula, autie kwenye uji. Mimi nimekuzwa nao. Mama anasema ndiyo sababu sinyamazi.

Na hakuonja. Hiyo nayo ilikuwa sheria. "Mpishi anayeonja anajitilia shaka," alisema, na alisema akimtazama mama yangu, ambaye huonja mpaka chakula kinapungua.

Usidhani alikuwa mtu wa msimamo katika kila jambo. Alinihubiria kwamba simu zinaharibu watoto, huku anacheza mchezo wa nyoka kwenye kitochi chake, na nyoka wake alikuwa mrefu kuliko wa mtu yeyote Mkuyuni. Alisema kucheka ovyo ni kuonyesha meno bila sababu, na kweli meno yake sikuwahi kuyaona. Lakini siku muuza mkaa alipoteleza kwenye ngazi akashuka kwa makalio mpaka barabarani, salama salimini, Matron aliingia ndani haraka, akafunga mlango, na sisi tuliokuwa nje tulisikia kitu kama mbuzi anayekohoa kwa muda mrefu sana.

Nikirudi kwenye makosa yangu, kuna moja sijawahi kulisimulia mpaka leo.

Nikiwa kidato cha tatu niliamua kumpiga Matron pigo la mwisho. Nilikwenda ufukweni wanaposafishia samaki, nikachukua matumbo ya sangara kwenye mfuko wa karatasi za sementi, nikauweka chini ya benchi lake la barazani, kisha nikakaa mbali kusubiri kelele.

Siku ya kwanza, Mchungaji alipita akaziba pua kwa Biblia. Matron alikuwa amekaa juu ya benchi hilo, kikombe mkononi.

Siku ya pili, wale kuku wawili walihamia kwa jirani.

Siku ya tatu nilishindwa. Nilipanda mwenyewe, nikamwamkia, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Marahaba," akasema. Akavuta hewa kwa pua, ndefu, ya kushiba. "Upepo wa ziwa leo ni safi sana."

Nikamtazama. Hakuwa ananitania, nilimjua alivyo akitania. Nikaondoa ule mfuko nikiwa nimeuficha kwenye sketi, nikaenda kuuzika nyuma ya choo chetu, nikatapika, na nilipomaliza kutapika ndipo akili ilipokaa sawa. Yale mafua aliyougua masika yaliyopita, yaliyomlaza wiki mbili, yaliondoka na pua yake. Pua ilikuwepo usoni, ila haikuwa kazini tena. Na hakuwa amemwambia mtu.

Kwa kawaida mimi siri huwa inanitoka kabla sijafika getini. Hii niliikalia. Sababu ilikuwa bintiye.

Bintiye anafanya kazi ofisini Dodoma, mtu mzuri tu, ana wasiwasi mkubwa na viatu vyenye kelele. Mwaka mmoja kabla alimkuta mama yake ameunguza sufuria ya maharage, na tangu hapo kila simu ilikuwa hiyo hiyo. Alimwambia hata mama yangu, mbele ya Matron, bila kuzunguka:

"Mama Kabula, mimi naogopa. Anaishi juu ya jiwe, peke yake, na jiko la mkaa. Nikija likizo ya mwezi wa sita nikakuta kosa moja tu la jikoni, moja tu, naondoka naye. Chumba kipo, nimeshapaka rangi."

Alipoondoka, Matron aliweka kikombe chini. Halafu akasema, si kwa sauti yake ya kengele:

"Chumba cha wageni. Mimi nimefunga na kufungua milango ya watu maisha yangu yote. Sasa nikakae nifunguliwe."

Mama akamshika mkono. Mimi nilijifanya natazama ziwa. Lilikuwepo, kama kawaida yake.

Basi, mwezi wa sita bintiye akaja, na tukaalikwa kakao ya saa kumi, mimi na mama. Asubuhi ile mama alinituma nimpelekee Matron mboga ya matembele. Nikabisha hodi mlango wa jikoni.

"Weka hapo kwenye kizingiti. Usiingie. Leo sitaki mguu wako jikoni kwangu."

"Hata mmoja?"

"Hata kivuli cha mmoja."

Nikaweka, nikaondoka. Kumbuka hilo.

Jambo jingine ni kwamba wiki ile bega lake lilikuwa linamuuma, hivyo kwa mara ya kwanza dagaa wake hakuwatwanga. Aliwapeleka mashineni. Mashine iliwasaga laini kama poda ya mtoto. Dagaa waliorudi hawakuwa wanakoroma tena. Ukilitikisa kopo lao, walinong'ona.

Saa kumi tulikaa barazani. Bintiye alikuwa ameshakagua jiko, mkaa, ngazi, hata kamba ya kuanikia nguo, na hakupata kitu. Alikuwa karibu kufurahi. Matron akatoka na sinia, vikombe vinne vya bati, mvuke unapanda. Nguo ya kanisani, kitambaa kichwani kimepigwa pasi.

Harufu ilinifikia kabla ya sinia.

Ndugu msomaji, jaribu kufikiria soko la samaki la mchana, limechanganywa na maziwa, likatiwa sukari vikombe viwili na mdalasini kijiko kimoja. Lilikuwa na povu zuri juu. Rangi yake ilikuwa sawasawa kabisa.

Mama alipiga funda, macho yakamtoka, lakini mama kalelewa vizuri: akameza, akasema "Mmmh," sauti ambayo hutolewa pia na mtu anayevutwa jino. Matron naye alinyanyua chake. Akapiga funda la kwanza. Akatulia kidogo. Akapiga la pili, mgongo umenyooka. Nikajisemea, masikini, hajui.

Bintiye akaonja. Akakishusha kikombe polepole.

"Mama. Hii ni nini?"

"Kakao," akasema Matron.

"Mama, hii ni samaki."

Hata nyoka wa kwenye kitochi nadhani alisimama. Nilimwona bintiye anabadilika uso, si kwa hasira, kwa huzuni, ile huzuni ya mtu aliyekuwa anatafuta kitu na sasa hapendi kwamba amekipata. Akakiweka kikombe kwenye sinia. Akafungua mdomo kusema, na mimi nilijua anachotaka kusema, maana chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi.

Nikacheka.

Nilicheka kwa nguvu zote, nikajipiga mapaja, nikaanguka kwenye benchi. Si uongo mtupu. Kwa kweli ilikuwa inachekesha.

"Nimewapata! Mamaa! Nimewapata wote! Mimi nimebadilisha makopo asubuhi nilipoleta matembele! Kakao na dagaa! Anti, ungejiona sura!"

Mama hakuuliza swali hata moja. Ndiyo hasara ya sifa niliyojijengea: hakuna aliyetaka ushahidi. Kandambili ilishatoka mguuni, iko hewani.

"Kabula! Wewe mtoto! Mbele ya wageni!"

"Aisee Kabula," bintiye akasema, mkono kifuani, na nilimwona anashusha pumzi mpaka mabega yakalala. "Yaani wewe! Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mengine kabisa." Akaanza kucheka naye. "Mama, tatizo lako si jiko. Tatizo lako ni huyu."

Matron alikuwa ananitazama. Alinitazama kwa muda, bila kupepesa. Watu wawili tu duniani walijua kwamba mguu wangu haukuvuka kile kizingiti, na tulikuwa tunatazamana.

"Kabula," akasema. "Piga magoti."

Nikapiga.

"Kila Jumamosi, mpaka shule zifunguliwe, utatwanga sukari. Kinu kizima."

"Ndiyo Matron."

"Na hicho kikombe chako umalize."

Nikamaliza. Mpaka chini, na mashapo. Bintiye aliondoka Jumatatu peke yake, kanipigia honi akipita.

Nikatwanga sukari likizo nzima. Bega langu likawa bega la matron. Nilitegemea hata siku moja atasema neno: asante, au kwa nini, au hata nilijua. Wapi. Isipokuwa alianza tabia mpya. Kabla ya kuchanganya, alifungua kopo, akalipitisha mbele ya uso wangu kama mtu anayepitisha sahani mezani.

"Unaona nini humo?"

"Naona kakao, Matron."

"Chekecha basi, unangoja nini."

Nusu mwaka, mwaka, miaka miwili. Sukari ilianza kuwa adhabu, ikaishia kuwa Jumamosi. Hatukulitaja lile jambo.

Mwaka huu nikapangiwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine kabisa. Siku moja kabla ya safari nilipanda ngazi kumuaga. Nilipanda taratibu. Nilikuwa nawaza jambo moja: nani atamwangalizia makopo? Na sikuwa nimepata jibu.

Alikuwa barazani, jua la mchana, sweta. Kikombe changu kilikuwa kimeshawekwa, kimefunikwa na kisahani.

"Shikamoo Matron."

"Marahaba. Kucha."

Nikaonyesha kucha. Nina miaka kumi na minane, nikaonyesha kucha.

"Kaa unywe. Huko unakokwenda watakupa chai ya rangi ya maji ya mvua."

Nikafunua kisahani, na moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Dagaa. Bila shaka yoyote, dagaa, tamu, na povu juu. Nikamtazama. Alikuwa anakunywa cha kwake, anatazama ziwa, ametulia kama mtu asiye na kosa.

Nikafikiri haraka. Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia kwamba peke yake hawezi, siku ileile ninayomwacha peke yake. Bintiye atajua. Chumba bado kina rangi. Nisipomwambia, kesho atawapa watoto wa mtaa mzima, na watoto wa mtaa ule hawana siri. Nawajua, nimewafundisha mimi.

"Vipi kakao?" akauliza.

Nikapiga funda. Nikameza. Machozi yalinitoka, nikasingizia safari.

"Tamu, Matron."

"Imekolea?"

"Imekolea sana."

"Malizia basi."

Nikamaliza. Niliposhusha kikombe nikasikia mbuzi anakohoa. Safari hii hakukimbilia ndani. Alikuwa amekaa palepale, mabega yanaruka, mkono ameshika kifua, na meno yake, niliyoyasubiri miaka yote, yalikuwa yote nje. Kuna moja la dhahabu! Mtu ana jino la dhahabu na anatunyima kucheka!

"Matron! Umefanya makusudi?"

"Miaka miwili," akasema, anapangusa macho kwa mkono wa sweta. "Miaka miwili nasubiri siku ya kukuaga."

"Lakini umejuaje kopo lipi? Umeonja?"

Akaacha kucheka kidogo. Akanisogelea kama anataka kunikagua masikio.

"Pua ilikufa, wewe ulijua. Nilikuona siku ile unafunga kamba za kandambili. Lakini ulimi mzima. Kakao ina uchungu wake, unakaa hapa, mwisho kabisa wa ulimi. Sukari haiufichi. Siku ile ya binti yangu, funda la kwanza, uchungu sikuuona. Nikajua nimekwisha."

"Mbona ukapiga la pili?"

"Nilikuwa natafuta uongo. Wewe ukaniwahi." Akanitazama. "Tangu siku ile naonja. Kila kopo, kidole kimoja."

"Kwa hiyo Jumamosi zote zile ukinipitishia makopo..."

"Ulikuwa unatwanga vizuri."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe kingine, kakao ya kweli, akanikabidhi bila kunitazama. Nikanywa. Kisha akaleta kopo, jipya, limesuguliwa mpaka naiona sura yangu imepanuka kama sato.

"La bwenini. Usiingize kijiko chenye maji. Na usimpe matron wa huko, atalizoea."

"Asante Matron."

"Nenda. Na salimia watu ukifika. Waamkie kwanza."

Nikashuka ngazi nimelikumbatia. Kwenye kona, chini ya lile jiwe kubwa, nikasimama, nikalitikisa sikioni mara mbili. Lilinong'ona. Lakini dagaa wa mashine nao wananong'ona, kwa hiyo nikafungua, nikachovya kidole kikavu, nikalamba. Utamu. Mdalasini. Halafu, palepale aliposema, mwisho wa ulimi, uchungu.

Ningeondoka nikiwa nimeguswa moyo kabisa. Ila namjua yule bibi. Nikazamisha mkono mpaka chini ya kopo, na kweli, vidole vikakutana na kitu. Karatasi ndogo, imekunjwa vizuri kwa pembe nne. Nikaikunjua. Ndani kulikuwa na dagaa mmoja mzima, na kichwa chake, ananitazama. Na juu ya karatasi, kwa zile herufi kubwa zilizosimama, ameandika jina, la kwanza na la pekee kuandikwa katika jiko lile:

KAKAO.